Kura Ilipigwa Lini?

Ndugu wasomaji, baadhi yenu mlikuwapo ukumbini mwaka juzi, siku ile Halmashauri ya Parishi ilipowachagua watoto wa kusaidiwa na mfuko wetu wa elimu. Wengine mmezisikia habari zake sokoni, na habari ya sokoni haikosi kutiwa chumvi. Mhariri ametuomba tuandike yaliyotokea, kwa kuwa tulikuwamo, na kwa kuwa tulifundisha hisabati katika chuo cha ualimu miaka mingi kabla ya kustaafu. Tumekubali, ila si kwa ajili ya kumsafisha mtu wala kumpaka matope. Jioni ile mama mmoja aliuliza swali ambalo halijatutoka kichwani mpaka leo. Aliuliza: “Basi kura hii ilipigwa lini?”

Kwanza mambo yenyewe. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kuanzia 2016, kama mjuavyo, lakini sare, viatu, madaftari, godoro na chakula cha hosteli havikuondolewa. Mfuko wetu ulikuwa na fedha za kuwatosha watoto 6. Walioomba, baada ya kamati kuwachuja wale wenye njia nyingine, walikuwa 23. Kuwachagua 6 katika 23 kwa kuwatazama nyuso ni kazi ya kuvunja undugu, maana kila mjumbe ana mpwa, na kila mpwa ana mama ambaye utakutana naye mlangoni pa kanisa Jumapili. Ndipo Halmashauri ikakata shauri: na ipigwe kura. Tena ikakubaliana kwamba kura hiyo isiwe sawa kwa wote. Yatima aliyefiwa na wazazi wote wawili apewe uzito wa 3, aliyefiwa na mmoja apewe 2, mwenye wazazi wote apewe 1. Kijana mmoja wetu, aliyekuwa nyumbani likizoni kutoka chuoni, akajitolea kuandika programu ya kompyuta ya kuifanya kazi hiyo.

Yafaa tueleze programu ya namna hiyo hufanyaje kazi, maana wengi wetu hudhani kompyuta ina dadu tumboni. Haina.

Chukua kamba ndefu. Kila mtoto mpe kipande chake katika kamba hiyo: mwenye uzito wa 3 apate dhiraa 3, wa 2 dhiraa 2, wa 1 dhiraa 1. Katika orodha yetu waliofiwa na wazazi wote walikuwa 4, waliofiwa na mmoja 7, na wenye wazazi wote 12. Wa kwanza walichukua dhiraa 12, wa pili 14, wa tatu 12, na kamba nzima ikawa dhiraa 38. Sasa fumba macho, uichome sindano popote katika kamba. Ilipochoma, mwenye kipande ndiye aliyepata. Kikate kipande chake kitoke, uiunge kamba, uchome tena, mpaka wapatikane 6. Katika mchomo wa kwanza yatima kamili ana nafasi 3 katika 38, mwenye wazazi wote ana nafasi 1 katika 38, na hakuna mtoto mwenye sifuri. Wataalamu huuita mgawanyo huo wa vipande mtawanyo wa uwezekano. Sisi darasani tuliuita kamba tu, na wanafunzi walishika upesi zaidi.

Kamba hiyo si ya kura peke yake. Mtu akitaka kujua zahanati iwekewe mabenchi mangapi, huweza kuiambia kompyuta iwaigize wagonjwa. Tuseme kwa wastani anakuja mgonjwa mmoja kila baada ya dakika 10. Hawaji kama saa ya ukutani. Wanakuja wawili kwa pamoja, halafu kimya, halafu watatu. Basi kompyuta huchukua namba yoyote kati ya 0 na 1, huitafutia logi asilia, huizidisha kwa 10 na kuondoa alama ya kutoa. Namba ikiwa 0.5, mgonjwa anayefuata atafika baada ya dakika 7 hivi, ikiwa 0.05, baada ya dakika 30 hivi. Ni sindano ileile, ila kamba imekunjwa kwa namna nyingine. Ukiwa na sindano iliyo ya haki, waweza kuigiza mvua, foleni ya pantoni, au kuoza kwa madini ya urani.

Tatizo liko katika kumfumba macho mwenye sindano. Kompyuta haifumbi macho. Ni karani mtiifu kupita makarani wote tuliopata kuwaona: ukimwambia fanya hivi, atafanya hivyo leo, na kesho, na keshokutwa, bila kukosea na bila kuchoka. Sasa karani wa namna hiyo utamwambiaje afanye jambo la nasibu? John von Neumann, mmoja wa mabingwa waliozianzisha kompyuta huko Marekani katika miaka ya 1940, alitunga njia ya kuzitoa namba hizo kwa hesabu, huku mwenyewe akitania kwamba atakayedhani jambo hilo linawezekana kweli anaishi katika dhambi. Tulipolisoma jambo hili zamani tulicheka. Baada ya siku ile ya Halmashauri tulilisoma tena, wala hatukucheka sana.

Hila yenyewe ni hii. Chukua 7. Zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, lishike baki. 7 mara 5 ni 35, na 3 ni 38, na baki ni 6. Fanya vivyo hivyo kwa 6, utapata 1. Ukiendelea utapata 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, kisha 7 tena, na mduara unaanza upya. Mtu asiyeijua kanuni akiziona atasema zimetoka kapuni. Lakini zitazame mara ya pili. Witiri, shufwa, witiri, shufwa, tangu mwanzo hata mwisho. Lau tungesema witiri ni ya wasichana na shufwa ni ya wavulana, wangepokezana kama makasia ya ngalawa, wala hakuna ambaye angeweza kuiita kura.

Wala asidhani mtu kwamba huo ni mchezo wa ubaoni. Katika miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilitumia kanuni ya jamaa hiyo iliyoitwa RANDU, nayo ikaenea katika vyuo na maabara. Mwaka 1968 George Marsaglia aliuonyesha ugonjwa wa jamaa nzima: ukizichukua namba zake tatu tatu na kuzipanga kama nukta ndani ya sanduku, hazitawanyiki kama mchanga, bali hujipanga kwa matabaka. Za RANDU zilianguka kwenye matabaka 15 tu. Kazi nyingi za kitaalamu zilikuwa zimekwisha kufanywa juu ya namba hizo.

Kijana wetu hakutumia RANDU. Alitumia kanuni ya siku hizi, ya Wajapani wawili, Matsumoto na Nishimura, ya mwaka 1997, ambayo mduara wake ni mrefu hata kuiandika idadi yake kwahitaji tarakimu 6,002. Kwa kura ya watoto 23 inatosha na kusaza. Lakini hata hiyo ina mahali pa kuanzia. Namba ile ya kwanza, 7 katika mfano wetu, huitwa mbegu. Ukiipanda mbegu ileile utavuna mahindi yaleyale, punje kwa punje.

Turudi ukumbini. Ilikuwa Jumamosi baada ya saa tisa. Padre alisali, kijana akafungua kompyuta yake ya mkononi, akabonyeza, na majina 6 yakatokea. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele kwa ajili ya jirani yake. Sisi tulikuwa tumeombwa tuikague kazi ile, na ualimu ni maradhi yasiyopona, tukasema: “Mwanangu, hebu irudie.” Hatukuwa na shaka naye hata kidogo. Tulitaka tu wazee waone jinsi majina yanavyobadilika, ili waamini kwamba ni kura kweli.

Akabonyeza. Yakatokea majina yaleyale 6, kwa utaratibu uleule. Akabonyeza mara ya tatu. Yaleyale.

Ukumbi ulinyamaza kabisa. Kijana alitazama kioo cha kompyuta, kisha akajishika kichwa. Akaeleza kwamba alipokuwa akiijaribu programu alikuwa ameipa mbegu ya kudumu, mwaka wake wa kuzaliwa, ili aone kama inafanya kazi sawasawa, maana ukitaka kuitafuta kasoro katika programu yakupasa uipate kasoro ileile kila mara. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote. Baada ya hapo akasahau kuiondoa. Aliulizwa, je, alijaribu kwa majina gani? Kwa orodha yenyewe, akasema, maana hakuwa na nyingine. Basi alipata kuyaona majina haya 6 kabla ya leo? Ndiyo, Jumanne. Kisha, bila kuulizwa, akasema jambo ambalo wengine tulikuwa bado hatujalifikiri: kwamba mmoja wa wale 6 ni mtoto wa shangazi yake. Aliyasema hayo amesimama, machozi yakimlenga.

Hapo ndipo mama huyo wa Umoja wa Akina Mama alipouliza kura ilipigwa lini.

Tulilitazama swali lile kila upande. Haikupigwa Jumamosi, kubonyeza kile kitufe kulikuwa kuisoma tu barua iliyokwisha kufungwa. Ilipigwa Jumanne, basi? Jumanne naye aliisoma tu. Majina yalikuwa yamekwisha kukatwa tangu orodha ilipokutana na mbegu, nayo mbegu ilikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa kijana. Mzee mmoja, ambaye hupenda mzaha hata msibani, akasema kwamba kumbe kura yetu ilipigwa katika wodi ya wazazi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Watu walicheka, na kicheko kilisaidia, maana palikuwa pameanza kuwa na moto.

Lakini mzee mwingine hakucheka. Huyu ni mtu wa sala, nasi twamheshimu. Alisema: na iwe wodi ya wazazi! Je, Mungu hakuwapo wodini? Kitabu cha Mithali, sura ya 16, chafundisha kwamba kurusha ni kwa binadamu lakini uamuzi ni wa Bwana. Aliyeyajua majina haya kabla ya kijana kuzaliwa hakuzuiwa na kompyuta. Tukiitupa orodha hii twaweza kuwa twalitupa jibu lake, na kupiga tena mpaka tupate lile tunalolipenda sisi. Watu wengi waliitikia. Kusema kweli, kwa dakika kadhaa hata sisi hatukuwa na neno la kumjibu.

Jambo hili Kanisa limelibishania zamani. Mwaka 1619 kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, Thomas Gataker wa Rotherhithe, London, aliandika kitabu kizima juu ya kura. Walikuwapo wakati ule waliosema kila kura ni hukumu ya Mungu ya papo hapo, kwa hiyo hata kuchezea dadu ni kumchezea Yeye. Gataker alikataa. Kwake kura imo mkononi mwa Mungu kama vile mvua ilivyomo mkononi mwake, na ndege, na fimbo inayovunjika, wala si zaidi ya hapo. Basi watu wafaa kuitumia kugawana kitu kwa amani, lakini wasiifanye kuwa njia ya kumhoji Mungu. Ndugu zetu Wamoravian kwa muda mrefu walipiga kura hata katika mambo ya ndoa na ya kutumwa kazini, wakiiona kuwa njia ya kuyajua mapenzi ya Mwokozi. Waliiacha kidogo kidogo, wakaifuta kabisa mwaka 1889, miaka 2 kabla ya wamisionari wao kufika Rungwe. Sisi katika jambo hili tuko na Gataker. Tusomapo habari za Mathiya katika Matendo ya Mitume, twaona mambo mengi yalifanywa kabla ya kura: watu wakakusanyika, sifa zikatajwa, wawili wakasimamishwa mbele ya wote, sala ikasaliwa. Kura ilikuja mwisho, mbele ya macho yao, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuisoma Jumanne.

Hilo ndilo tulilomjibu yule mzee, ingawa kwa maneno machache zaidi na kwa sauti ya kutetemeka. Kwamba tulipoamua kupiga kura hatukuwa tunaomba ishara. Tulikuwa tunaomba mikono yetu itolewe. Tulitaka kuweza kumwambia kila mama kwamba hakuna binadamu aliyemkataa mtoto wake. Kwa orodha hii hatuwezi kusema hivyo. Kijana ni mkweli, nasi twamwamini. Lakini aliyaona majina siku nne kabla, na jina la ndugu yake limo, naye angeweza kuubadilisha mwaka ule kuwa mwaka mwingine wowote mpaka apate majina apendayo, na sisi tusingejua. Hakufanya hivyo, ila ushahidi wetu kwamba hakufanya ni moyo wake tu, na moyo wa mtu hatuwezi kuubandika mlangoni pa kanisa.

Wapo waliofanya. Huko Iowa, Marekani, mtu aliyekuwa na dhamana ya usalama wa kompyuta za bahati nasibu alikuwa ameingiza maneno machache katika programu, ili kwamba siku fulani fulani za mwaka namba zifuate njia ambayo yeye angeweza kuibashiri. Tikiti moja ya mwaka 2010 ilikuwa na thamani ya dola milioni 16.5. Alikiri mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Mbele ya watazamaji namba zake zilikuwa za nasibu kama zetu.

Wala sisi si wa kwanza katika Kanisa letu kukwaruzana na mashine ya kura. Mwaka 1956 serikali ya Uingereza ilipotangaza hati za akiba zinazolipa zawadi kwa kura badala ya riba, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alisimama bungeni akaupinga mpango huo.  Mashine yenyewe, waliyoiita ERNIE, ilianza kazi Juni 1957, nayo haikutumia mbegu wala baki. Ilisikiliza mtetemo wa umeme ndani ya taa za neoni, ambao hakuna ajuaye utaruka vipi. Kwa usafi wa kura, wale waliokosolewa na Askofu Mkuu walitushinda.

Basi tulipiga kura juu ya kura. Kiswahili chetu hapa kina mambo: neno ni hilohilo kwa karatasi inayorushwa bila kujua na kwa mkono unaonyoshwa kwa kujua. Mikono 11 ilitaka orodha itupwe, 7 ilitaka ibaki. Sisi tulikuwa katika wale 11, na ni sisi tuliotoa hoja.

Jumapili mbili baadaye kazi ilifanywa upya. Orodha yenye majina na uzito ilibandikwa mlangoni wiki nzima kabla, ili hakuna wa kuigusa. Baada ya ibada, mbele ya wote, watoto kumi wa shule ya Jumapili walirusha dadu moja, kila mmoja mara moja, na namba zile kumi zikiwa katika mstari mmoja ndizo zilizokuwa mbegu. Mbegu za namna hiyo zaweza kuwa zaidi ya milioni 60, na njia za kuwapata watoto 6 katika 23 ni 100,947, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. (Tumeiweka hesabu hii kwa ajili ya wanafunzi wetu wa zamani, ambao tunajua wataikagua.) Mbegu iliandikwa kwa chaki ubaoni, kijana akabonyeza. Ile tabia ya mashine iliyotuaibisha mara ya kwanza, ya kurudia jambo lilelile, sasa ikawa shahidi wetu: yeyote mwenye kompyuta, akiichukua orodha ile na mbegu ile na programu ile, atapata majina yaleyale hata leo. Mwalimu mmoja wa sekondari alijaribu kwake nyumbani akayapata.

Yupo aliyetuuliza kwa nini basi tusingeandika karatasi 38 tukazitia kapuni, yatima tatu tatu, na mtoto wa shule ya Jumapili akachota. Ndugu, ingetosha. Tunakiri kwamba kompyuta ilikuwa pia ni fahari kidogo. Ila kapu nalo lina dhambi zake. Desemba 1, 1969, Wamarekani walipochagua kwa kura vijana wa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa ndani ya vidonge vya plastiki, lakini hazikuchanganywa vizuri. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka waliitwa mapema kupita kiasi, kwa sababu mtu hakukoroga sawasawa. Watu walikufa kwa kura ile.

Tungependa kuishia hapo, maana hapo tunaonekana tumefanya vema. Lakini siku ya tatu baada ya kura ya pili alikuja nyumbani kwetu mama wa mtoto aliyekuwa wa nne katika orodha ya kwanza. Si yule ndugu wa kijana. Huyo naye alikosa, na shangazi mtu hakusema neno. Mama huyu alitoa shikamoo, akakaribishwa, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema: “Mwalimu, mwanangu alipata. Mlimtoa ninyi.”

Tulianza kumweleza habari za mbegu. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye hajui kompyuta, lakini anajua kwamba kosa lilikuwa la wengine na aliyelilipa ni mtoto wake, naye hutembea kilomita 9 kwenda shule na 9 kurudi. Hakupandisha sauti. Alikataa chai.

Tumelifikiri neno lake mara nyingi. Kwa hesabu hatukumdhulumu: kura ile haikuwa kura, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kunyang'anywa. Lakini jaribu kumwambia hivyo mama aliyekwisha kumwambia mtoto afungashe. Yule mzee wa sala hakuwa mjinga alipotuonya. Ukiwa na uwezo wa kuitupa kura kwa sababu nzuri, una uwezo wa kuitupa, na mwenye kutupwa haoni sababu, huona mkono. Bado twaamini ilipasa itupwe. Ila hatuwezi tena kusema, kama tulivyosema siku ile kwa kiburi kidogo, kwamba hakuna binadamu aliyemkataa mtoto yule. Sisi tulinyosha mkono.

Tena kuna lililo zito zaidi, ambalo hatukuliona mpaka alipokuwa anaondoka. Tulifungua daftari letu kuangalia mtoto wake alikuwa na uzito gani. Ulikuwa 1. Wazazi wote wawili hai, kwa mujibu wa fomu. Tukamwita kabla hajafika njiani, tukamuuliza habari za baba wa mtoto. Alituangalia kana kwamba tumeuliza rangi ya mbingu. Baba alikwenda machimboni mtoto akiwa darasa la pili. Haijaja barua, haijaja simu, haijaja shilingi. Kijiji kizima kinajua. Fomu iliuliza kama mzazi amefariki, naye hakutaka kusema uongo juu ya mtu ambaye huenda yu hai.

Tulitumia jioni nzima na Jumapili mbili kubishana juu ya mbegu, na mbegu ilikuwa kosa la kusahau. Zile 3, 2 na 1 tulizipitisha kwa dakika tano, kabla ya chai. Mashine ilizichukua ikachoma sindano yake kwa uaminifu juu ya kamba tuliyoikata sisi. Haikuwa na njia ya kujua kwamba dhiraa 1 ya mtoto yule ilikatwa fupi. Nayo kura ikiisha kupigwa hakuna anayeitazama kamba. Wote hutazama sindano. Kumpa mtoto uzito ni kuhukumu, nako kulikuwa mikononi mwetu tangu mwanzo, hata pale tulipodhani tumeshaitoa mikono yetu.

Mwaka huu mfuko una fedha za watoto 7, na walioomba ni 26. Mtoto yule jina lake limo tena. Yuko kidato cha tatu, bado anatembea. Safari hii Halmashauri iliketi tangu saa nane hata magharibi juu ya uzito peke yake. Fomu sasa inauliza nani anayemlisha mtoto, wala haiulizi tu nani amekufa. Walipofika kwa watoto walioachwa na baba aliye hai, sisi tulitaka wapewe 3. Wengine walisema hilo litawafundisha wanaume kuondoka, wengine kwamba yatima kamili watapunjwa. Tukanyosha mikono. Walio wengi walisema 2, na 2 imebandikwa mlangoni. Dadu zitarushwa Jumapili baada ya ibada ya pili.